Kipupwe Kimeingia, Acheni Marinda Yapite



Leo sina habari ya bei ya sukari wala ya foleni. Leo nataka tuzungumze habari ya baridi. Najua ndugu zangu wa Njombe, Mbeya na Lushoto wakisikia mtu wa Dar es Salaam anataja baridi hushika mbavu kwa kicheko. Kwao kuna asubuhi za Julai ambazo majani huamka yamefunikwa na sakitu. Sisi huku pwani, kipimajoto kikijitahidi sana kushuka usiku wa Julai hufika nyuzi 18 au 19 hivi, na mchana hupanda tena hadi 28 au 29. Lakini baridi, bwana, haipimwi kwa kipimajoto peke yake. Hupimwa pia kwa mazoea. Mtu aliyeshinda Februari nzima kwenye nyuzi 32, shati limemganda mgongoni, unyevunyevu wa bahari umemkaba shingoni, akipigwa na upepo wa kusi saa kumi na moja alfajiri ana haki zote za kusema anasikia baridi.

Kipupwe ndicho hicho. Mamlaka ya Hali ya Hewa hukihesabu kuanzia Juni hadi Agosti. Masika yameondoka na matope yake, mvua za vuli bado ziko mbali, na jua la kaskazi linatusubiri mwishoni mwa mwaka. Ni miezi mitatu tu. Katika miezi hiyo mitatu jiji hili hutulia, watu hulala bila kupepewa, muuza kahawa hupata wateja hadi usiku, na chai ya tangawizi huwa dawa badala ya kinywaji.

Na watu huvaa! Hebu simama Tandika, au Mbagala Rangi Tatu, au Mwananyamala, kabla jua halijachomoza, utazame. Mama anayewahi sokoni kavaa sweta juu ya dera, na juu ya sweta kajifunga kanga. Kondakta wa daladala ana kofia ya kufuma iliyomfunika masikio. Mtoto wa shule kavishwa soksi mbilimbili. Na kijana wa bodaboda ndiye kiboko yao wote: kavaa jaketi nene lililoshonwa kwa ajili ya mtu anayeteleza kwenye theluji milimani huko Ulaya, tena kalivaa kinyumenyume, mgongo umekuja mbele, ili upepo usimwingie kifuani. Anapita nalo mtaa mzima. Hakuna anayegeuka kumtazama, na wala hakuna anayemwuliza kama huo ni utamaduni wetu.

Naomba umweke akilini kijana huyo na jaketi lake. Nitamrudia.

Makoti hayo yanatoka wapi, wote tunajua. Ni mitumba. Wazee wetu waliipa jina la mzaha, wakaiita kafa Ulaya. Wazambia huiita salaula, Wamalawi kaunjika, na Waganda mivumba. Hapa kwetu milango yake ilifunguka baada ya mwaka 1984, Serikali ilipoanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje baada ya miaka ya uhaba mkubwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza hatua kwa hatua hadi kuiondoa kabisa. Rwanda ilikaza kamba, ikapandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Sisi, Kenya na Uganda tuliregeza. Mjadala huo una uzito wake na una siku yake. Leo nataja mitumba kwa sababu moja: ndani ya belo, katikati ya majaketi na mashuka, hutokea pia magauni. Na hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Mimi, msikilizaji, ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nina kazi yangu, na napenda marinda. Napenda sketi iliyojaa, yenye kamisi ya neti ndani inayoishikilia isimame kama kengele. Napenda kola yenye lesi na mikono iliyovimba mabegani. Februari siwezi kuvaa hivyo, ningezimia kabla ya kufika kituoni. Lakini Juni ikiingia, nafungua sanduku, natoa gauni, nalipigia pasi taratibu, na Jumapili jioni napita nalo Kinondoni kama mtu aliyeitwa kwenye hafla. Sijaitwa popote. Natembea tu na kujifurahisha.

Nimekuja kujua kwamba huko Japani mapenzi kama haya yana jina na yana historia. Wanayaita mtindo wa Lolita. Ni mtindo wa mitaa ya Tokyo, hasa Harajuku, uliokua katika miaka ya 1980 na 1990. Wasichana na wanawake wazima walichukua umbo la magauni ya Ulaya ya kale, ya zama za Malkia Victoria na ya nyuma zaidi, wakayageuza yakawa yao: sketi ya kengele inayofika magotini, soksi ndefu, kofia ya utepe, lesi juu ya lesi. Mojawapo ya maduka yaliyoukuza, Baby, The Stars Shine Bright, lilianza mwaka 1988. Jina la mtindo huo lina doa, kwa sababu linafanana na la riwaya ya Vladimir Nabokov ya mwaka 1955, inayosimulia mtu mzima aliyemharibu mtoto. Wengi wa wavaaji hukana kabisa kuhusika na habari hiyo. Wao husema wanavaa kwa ajili yao wenyewe, na ukitazama nguo zenyewe, zimesitiri mwili kuliko nyingi tunazoziona mjini.

Mwaka 2002 mwandishi wa Kijapani Novala Takemoto alitoa riwaya iitwayo Shimotsuma Monogatari, na mwaka 2004 ikafanywa filamu. Mhusika wake ni msichana wa kijijini, penye mashamba na ng'ombe, anayepanda treni safari ndefu kwenda Tokyo ili tu akanunue gauni la marinda. Majirani wanamshangaa. Nilipokisikia kisa hicho nilicheka peke yangu, maana nawajua akina dada wa Chanika na Mbagala wanaopanda magari mawili matatu hadi Kariakoo kwa ajili ya mita mbili za lesi.

Wapenzi wa mtindo huo wana jambo moja ambalo sisi wa Dar tutalielewa mara moja. Majira ya joto ya Tokyo yana jasho na unyevunyevu kama kwetu, na kuvaa matabaka manne ya nguo ni adhabu. Majira ya baridi ndiyo sikukuu yao. Hapo hutoka makoti yenye kofia, glavu, shali na soksi nzito. Basi kipupwe ndiyo baridi yetu. Tumepewa miezi mitatu tu, tuitumie.

Tena kuyapata mavazi hayo hapa kwetu si lazima uwe tajiri. Fundi cherehani wa barazani anaujua ufundi huu siku nyingi, kwa sababu ndiye anayeshona magauni ya watoto ya Idi na ya Krismasi. Siri ya sketi iliyojaa ni kipande cha kitambaa chenye upana mara mbili au mara tatu ya kiuno, kikavutwa kwa uzi hadi kitoshe. Kamisi ya ndani ni neti, hiyohiyo inayotumika kwenye mashela, lakini iwekewe bitana ya pamba kwa sababu neti tupu hukwaruza mapaja. Lesi unaweza kuifumua kwenye pazia la mtumba. Gauni lililochoka la msimamizi wa harusi ya watu usiowajua, lililovuka bahari ndani ya belo, huzaa sketi moja nzuri na kola mbili. Na kipupwe kina fadhila nyingine: kiangazi kimekausha njia, hakuna tope la masika la kuramba pindo. Vumbi lipo, lakini vumbi hupigwa brashi likaondoka.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu wiki hii.

Kuna binti mmoja wa Temeke, jina lake nalihifadhi, anayejifunza ushonaji chini ya upenu wa jirani. Ana miaka ishirini. Picha za mavazi hayo ya Kijapani aliziona kwenye simu, akazipenda, akadunduliza vihela vyake, akanunua kitambaa cha rangi ya buluu na neti, akashona mwenyewe kwa majuma sita. Alipomaliza, kipupwe kilikuwa kimeshaingia. Akavaa gauni lake, akavaa na sweta jeupe, akatoka kwenda kumwonyesha shangazi yake upande wa pili wa mji. Hakufika. Kituoni vijana walianza kwa miluzi, wakaenda kwenye maneno, na kutoka kwenye maneno mmoja wao akanyoosha mkono akafunua sketi ili, kwa madai yake, aone kuna nini ndani. Watu walicheka. Binti akarudi nyumbani, akalikunja gauni, akaliweka chini ya godoro. Ananiambia hana hamu tena hata ya kushona. Anauliza kama akashone sare za shule tu, maana sare haizomewi.

Msikilizaji, majuma sita ya kazi ya mikono yamelala chini ya godoro kwa sababu ya dakika mbili za kituoni. Tusiseme ni utani wa vijana.

Nimewauliza watu wawili watatu wanaonaje. Jibu la kwanza likawa kwamba huo si utamaduni wetu. Haya, turudi kwa kijana wetu wa bodaboda na jaketi lake la theluji. Je, theluji ni utamaduni wa Tandika? Suti na tai wanayovaa mabwana harusi wetu vilishonwa kwanza Uswahilini? Shela jeupe, ambalo leo hatuoni harusi imekamilika bila hilo, lilienea duniani baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa kwa gauni jeupe mwaka 1840. Hata kanga, msikilizaji, kanga yetu yenyewe, ilianza kwa wanawake wa pwani kushona pamoja leso za kigeni zilizoletwa na meli. Mwaka 1887 mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa, na kanga zake tunazijua hadi leo kwa jina la Mali ya Abdulla. Huko Unguja, utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walizivaa kanga kuonyesha kwamba sasa ni watu huru kama wengine. Kitu cha kigeni kikishonwa na mikono ya hapa, kikavaliwa kwa furaha ya hapa, baada ya muda mfupi huwa chetu.

Nendeni Namibia mkawaone akina mama wa Kiherero. Magauni yao makubwa yanatokana na yale ya wake wa wamisionari wa Kijerumani wa karne ya 19. Wajerumani haohao waliwaua Waherero kwa makumi ya maelfu kati ya mwaka 1904 na 1908. Akina mama hao hawakuyatupa magauni. Waliyafanya kuwa yao, na leo Mherero hutambulika kwayo.

Jibu la pili likawa kwamba mtu mzima kuvaa marinda ni utoto. Hili nalo nalistaajabia. Mtoto wa kike akiwa na miaka mitano, siku ya Idi tunamvika gauni linalofuka kama wingu, soksi za lesi na utepe kichwani, tunampeleka kupiga picha. Akifika miaka kumi na miwili tunamwambia basi, furaha hiyo imekwisha. Tunamruhusu tena siku moja tu, ya harusi yake, kwa gauni la kukodi ambalo kesho yake mchana lirudishwe dukani. Katikati hapo ana miaka mingapi ya kuishi? Nani aliyekaa kikao akapitisha kwamba mwanamke apate marinda mara mbili tu maishani?

Jibu la tatu ndilo zito zaidi. Mzee mmoja aliniambia kwamba zamani Serikali isingeruhusu upuuzi huu. Mzee hakukosea kuhusu zamani. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kupiga vita vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, na utekelezaji ukapangwa kuanza Januari 1969. Mama zetu wanakumbuka. Kabla hata tarehe haijafika, wasichana walikuwa wakisumbuliwa na makundi ya vijana hapa mjini, Kariakoo ikiwamo. Wakati huohuo, Wamasai walikuwa wakilazimishwa kuacha lubega na kuvaa suruali kama wengine. Yaani msichana wa mjini aliambiwa anafanana mno na Mzungu, na Mmasai akaambiwa hafanani naye vya kutosha. Leo vazi la Kimasai liko kwenye kila tangazo la utalii wetu.

Kongo nao walipitia njia hiyo. Mobutu alipiga vita suti na tai miaka ya 1970. Vijana wa Kinshasa na Brazzaville wakajibu kwa kuvaa zaidi, ndio hao masapeuri, na marehemu Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016, akawa kinara wao. Mobutu alikwenda zake. Suti ipo.

Na tusijidanganye kwamba mkono ulionyooshwa kwenye sketi unalinda maadili. Novemba 2014, jijini Nairobi, wanawake waliandamana kwa mamia baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kituoni, kwa kisingizio kwamba kavaa vibaya. Kisingizio cha huko kilikuwa nguo fupi. Huku kwetu Temeke binti alikuwa amevaa gauni la kufika chini ya magoti, shimizi, neti, soksi na sweta. Kwa hiyo urefu wa nguo haukuwa tatizo. Aliyezoea kumfunua mwanamke atamfunua akiwa na kimini, na atamfunua akiwa na matabaka manne.

Sheria yetu inalijua jambo hili. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika kanuni za adhabu kosa la kumnyanyasa mtu kijinsia, kwa vitendo au hata kwa maneno. Wale vijana wa kituoni walidhani wanachekesha. Walikuwa wanavunja sheria mbele ya mashahidi arobaini, na mashahidi wote arobaini walikuwa wanacheka. Hao arobaini ndio ninaosema nao leo. Mzomeaji ni mmoja au wawili. Wanaompa jukwaa ni sisi tuliosimama na mifuko yetu tukisubiri gari.

Basi kama unasubiri gari kesho, na msichana akapita na sketi kama kengele, kama umependezwa, mwambie umependeza, kisha utazame gari lako linatoka wapi. Kama hukupendezwa, tazama gari tu. Kondakta, sketi iliyojaa inachukua nafasi, najua. Lakini wewe ndiye unayetwambia kila siku gari halijai, basi leo tuthibitishie. Mzazi, ukimwona binti yako kainama kwenye cherehani hadi saa nne usiku akivuta uzi wa marinda, usimwulize hiyo nguo ni ya kwendea wapi. Mwulize kama ana mafuta ya cherehani.

Na wewe binti wa Temeke, sikiliza. Fundi anayeweza kuvuta marinda ya mita tatu yakakaa sawasawa kwenye kiuno, ana kazi mkononi katika mji huu wenye harusi kila Jumamosi. Shona sare, kwa sababu sare zinalipa. Lakini toa gauni la buluu chini ya godoro kabla neti haijavunjika, lipige pasi, ulitundike. Mwaka huu Sabasaba imeangukia palepale inapoangukia kila mwaka, katikati ya kipupwe, na viwanja vyake viko hukohuko Temeke, barabara ya Kilwa. Vaa twende. Mimi nitavaa langu la rangi ya maziwa. Wakituzomea, watazomea wawili, na mmoja wao ana kipaza sauti.

Agosti ikiisha, joto litarudi, na sote tutarudi kwenye madera na vipepeo. Hadi hapo, jifunikeni vizuri, kila mtu kwa apendavyo. Hadi wiki ijayo, majaaliwa. Kwaherini.